Jina Lake Nani? Hotuba ya Siku ya Mashujaa, Tabora

(Maneno haya yalisemwa Tabora mjini asubuhi ya tarehe 25 Julai, mbele ya wapiganaji wastaafu, wazazi, walimu na wanafunzi. Tumeyaweka yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani tumeziacha.)

Mwangaluka!

Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo naomba mniwie radhi nisitaje vyeo. Nikianza na vyeo jua litatukuta hapa hapa, na mimi leo sikuja kusema habari za vyeo.

Wazee wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Wanafunzi, simameni muwaamkie wazee. Hapana, siyo kwa kunong'ona, hawa masikio yao yalizoea mizinga! Tena. Haya, ahsanteni, kaeni.

Sasa wewe kijana wa shati jeupe, hapo pembeni. Umemwamkia mzee huyu vizuri sana, kwa heshima. Jina lake nani?

Humjui. Unamwita babu. Na huyo aliyekaa karibu naye? Babu pia. Usione haya, mwanangu, sikukuuliza ili wenzako wakucheke. Nimeuliza kwa sababu swali hilo ndilo hotuba yangu yote ya leo. Nikilimaliza hilo nimemaliza, mtakwenda kula.

Ndugu zangu, mnajua kinachofanyika kitaifa siku kama ya leo. Gwaride linapangwa, tarumbeta ya maombolezo inapigwa, watu wanasimama kimya. Kisha Rais anakwenda kwenye mnara na kuweka mkuki na ngao. Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Linawekwa shada la maua kwa niaba ya mabalozi, unawekwa upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani anaweka shoka. Mashehe wanaomba dua, maaskofu na wachungaji wanasali. Mimi naipenda sana sherehe ile. Naipenda kwa sababu hatukuiga kila kitu. Tumeweka mkuki, tumeweka shoka, vitu ambavyo bibi zetu wangevitambua. Lakini tuseme ukweli, nusu saa baadaye redio imeshahamia kwenye usajili wa Simba na Yanga. Na mnara umewakumbuka wote kwa pamoja, kwa jumla. Mmoja mmoja atakumbukwa na nani?

Nianzie hapa hapa tulipo. Vijana, mnajua kwamba Tabora iliwahi kuwa makao makuu ya serikali? Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walihamishia utawala wao hapa, mbali na mizinga ya meli za Waingereza kule pwani. Hata sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, zilitengenezwa hapa mwaka 1916, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Leo watu wa nje wanazinunua kwa bei ambayo nikiitaja hapa mtaanza kuchimba nyuma ya nyumba zenu.

Mwezi Septemba mwaka huo jeshi la Wabelgiji likaja kutoka magharibi. Walipigana pale Itaga. Mnaijua Itaga? Mnapita na bodaboda kila siku! Tarehe 19 Septemba 1916 mji ukaangukia mikononi mwao. Vitabu vinasema Wabelgiji waliwashinda Wajerumani. Haya, sasa mimi nauliza: waliofyatuliana risasi pale Itaga walikuwa akina nani? Upande ule, chini ya maofisa wachache Wabelgiji, walikuwa vijana wa Kongo. Upande huu, chini ya maofisa wachache Wajerumani, walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Tunasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Safari ile, ndugu zangu, nyasi zenyewe zilipewa bunduki zipigane.

Na nyuma ya kila mwenye bunduki walikuwapo watu wasio na bunduki. Wapagazi. Katika nchi ya mbung'o farasi hafiki mbali, ng'ombe hafiki mbali. Mzigo wa risasi, gunia la unga, sanduku la dawa, kitanda cha ofisa, vyote vilikwenda kichwani. Na nani alijulikana Afrika Mashariki nzima kwa kubeba mizigo, tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu? Mnyamwezi. Sifa ile tuliyokuwa tunajivunia ikageuka kuwa adhabu, kwa sababu kila jeshi lililopita hapa lilitaka Wanyamwezi wa kubeba. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakaribia laki moja. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, na malaria, na njaa, na mvua.

Mkienda Dar es Salaam, pale mjini kati, ipo sanamu ya Askari. Imesimama tangu mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja hata wapagazi, yanasema walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Na yanaahidi jambo kubwa: kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Jina lako! Sasa zunguka sanamu ile pande zote nne, tafuta jina. Utazunguka mpaka mgambo wa jiji wakushuku. Hakuna jina la mtu hata mmoja.

Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa katika vita ile na hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Karne nzima imepita ndipo ikasemwa. Na kwa wengi wao haiwezekani tena kurekebisha, kwa sababu hakuna aliyeandika.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Mwalimu, hao walipigania wazungu. Siku ya Mashujaa inawahusu nini?" Swali zuri, na nimelisikia hata kwa watu wazima wenye shahada. Jibu langu ni hili. Aliyewatuma ni mkoloni, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Lakini aliyekuwa anawasubiri nyumbani alikuwa nani? Mkoloni? Aliyekuwa anaangalia njia jioni alikuwa mama wa Unyanyembe, mama wa Urambo, mama wa Nzega. Mimi siheshimu bendera waliyopewa. Nawaheshimu wao. Mtu aliyeburutwa vitani akafia porini, tukimkana na sisi, atakuwa wa nani?

Kuna kisa kinasimuliwa sana, na kwa kuwa kilitokea jirani hapo Mwanza nitawapa. Inasemekana mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani mishahara waliyokuwa wanawadai tangu vita ile. Wakaja wazee mia kadhaa. Wenye karatasi wachache, wengine wameleta vipande vya koti la zamani, wengine mikono mitupu. Utajuaje huyu ni askari kweli na huyu kaja kujaribu bahati? Yule bwana wa fedha akachukua ufagio. Akawa anampa mzee mmoja mmoja, anatoa amri ya gwaride kwa Kijerumani. Miaka karibu hamsini imepita! Wazee wakaushika ufagio kama bunduki, bega, chini, bega. Hakuna aliyekosea.

Mnacheka, na mimi nilicheka niliposoma. Halafu nikajiuliza: ofisi nzima ya serikali kubwa ya Ulaya, na daftari la majina liko wapi? Mzee wa miaka sabini anacheza gwaride na ufagio kwa sababu hakuna aliyetunza jina lake.

Vita ya Pili sitakaa sana, ila kuna jambo moja la Tabora ambalo vijana hamlijui. Kambi ya jeshi ya hapa zamani iliitwa Kalewa. Kalewa ni mji wa Burma, Asia huko, kwenye mto Chindwin. Mwaka 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo batalioni za Tanganyika zilikuwemo, iliwafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, matope mpaka magotini, magari yamekwama, watu wanaumwa malaria na bado wanatembea. Mwanzoni mwa Desemba wakafika Kalewa. Vijana wa KAR, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walipewa heshima, kambi ya kwetu ikapewa jina la mji ule. (Ndiyo, ni kambi hiyo hiyo iliyoingia kwenye maasi ya Januari 1964. Leo siyo siku yake.) Jina la mji wa Burma likaandikwa Tabora. Na kwa ajili ya wasiojulikana makaburi yao, karibu na Yangon huko Burma, upo ukumbusho mkubwa wenye majina karibu 27,000 yaliyochongwa kwenye mawe, na Waafrika wamo. Mtu wa Tabora akitaka kusoma jina la babu yake kwenye jiwe, apande ndege mpaka Burma. Hapa kwetu asome wapi?

Sasa nije kwenye ile ya kwetu. Vita ya Kagera.

Wazee, hii mnaijua kuliko mimi, mtanisahihisha. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka. Yakaiba, yakaua raia, yakafika mpaka mto Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, na Amin akatangaza kwamba ardhi ile sasa ni ya Uganda. Mwalimu Nyerere akaja redioni. Akasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, na nia tunayo. Mimi nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Tuliyarudia maneno yale kwenye mchezo kabla hatujajua maana yake.

Na reli yetu hii ikafanya kazi. Mnajua njia panda ya reli ya kati ni hapa: moja inakwenda Kigoma, moja inakwenda Mwanza. Treni za askari zilipita zikielekea Mwanza, na watoto wa Tabora tulikuwa stesheni kuliko shuleni. Kina mama walipitisha karanga na maembe madirishani, hawataki pesa. Malori na mabasi ya watu binafsi yakachukuliwa, wananchi wakachanga ng'ombe na nafaka. Jeshi likakua mpaka watu karibu 150,000, na katika hao makumi ya maelfu walikuwa mgambo: wakulima wa tumbaku, walimu, makarani, vijana wa karakana ya reli. Aprili 1979 Kampala ikachukuliwa. Mwanzoni mwa Juni vita ikaisha. Wengi wao umbali ule wote waliutembea kwa miguu.

Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wa mgambo hao. Yupo hai, yuko Urambo, leo miguu imemkatalia kuja. Medali yake anaiweka kwenye kopo la Africafe, kahawa ya huko huko Bukoba. Nimeishika juzi. Utepe umefifia, pini imeshika kutu. Ukiigeuza, nyuma utaona herufi mbili zimekwanguliwa kwa msumari, zimepinda pinda. Nikamuuliza hizi nini? Akasema, "Medali zote zilifanana, na kambini vitu vinapotea. Nikaandika langu."

Huyu mzee ukimuuliza vita ilikuwaje hakusimulii mabomu. Atakwambia buti hazikumtosha. Atakwambia ndizi za Masaka zilikuwa tamu. Lakini ukikaa naye sana, jioni, ukanyamaza, anaanza kutaja majina ya wenzake wa kikosi. Anayataja kwa mpangilio, kama mwalimu anayeita mahudhurio asubuhi. Fulani wa Sikonge. Fulani wa Igunga. Fulani wa Kasulu, huyo alikuwa anaimba. Akifika kwa mmoja aliyebaki kule, anatulia kidogo, halafu anaendelea na anayefuata. Hana karatasi. Yote yako kichwani, na kichwa kile kina zaidi ya miaka sabini.

Wapo wengine waliolala Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Wapo waliolala Naliendele, Mtwara, waliokwenda kuisaidia Msumbiji. Hao angalau nchi inajua walipo. Hawa walio hai je? Baba mdogo alikwenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, kufuatilia karatasi zake. Akaambiwa jalada halionekani, arudi wiki ijayo. Akarudi. Jalada halionekani. Karani kijana akamuuliza, "Mzee, una uhakika ulipigana?" Akaligeuza kopo lile mezani, medali ikatoka. Karani akaitazama, akaigeuza, akamuuliza hizi herufi ni za nani!

Ndugu zangu, shada la maua ni zuri. Lakini mzee aliyetoka Kyaka mpaka Kampala kwa miguu, akisimama foleni ya dirisha la dawa toka saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana, na hakuna anayejua kwa nini anachechemea, hilo shada tunamwekea nani?

Na vijana msidhani haya ni mambo ya wazee peke yao. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu saba waliuawa Darfur, Sudan, wakilinda amani. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ilishambuliwa Semuliki, Kivu ya Kaskazini, tukapoteza vijana kumi na wanne usiku mmoja. Kongo ile ile ambayo mtu wa Kigoma akisimama Ujiji siku ya hali nzuri anaiona milima yake ng'ambo ya ziwa. Hao wengi walizaliwa baada ya Kagera, walikuwa na WhatsApp kama ninyi. Wana watoto wadogo shuleni sasa hivi. Mwalimu wa darasa, unajua kama unaye mmoja wao?

Kuna wanaosema tarehe 25 Julai iwe sikukuu ya mapumziko, maana hivi sasa siyo. Nimeombwa niseme maoni yangu, nayasema: mimi sitaki. Wazee msinune, nisikilizeni kwanza. Mapumziko ya Tanzania tunayajua. Tutafua nguo, tutakwenda harusini, tutaangalia mpira, na ofisi zimefungwa kwa hiyo hata jalada halitafutwi. Mimi nataka siku hii ofisi ziwe wazi na jalada litafutwe. Nataka kila shule ya mkoa huu, asubuhi mstarini, kabla ya wimbo wa taifa, mwanafunzi mmoja asome majina ya watu wa kata ile waliokwenda vitani. Wote. Wa Kagera, wa Msumbiji, wa Darfur, wa Burma, hata mpagazi kama ukoo wake bado unamkumbuka. Asome jina na kijiji, basi. Dakika tano.

Wenzetu wa Songea kila tarehe 27 Februari wanawakumbuka wapiganaji wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Hawakusubiri nchi nzima ikubaliane nao ndipo waanze. Sisi tuna Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliyeilipua baruti ndani ya boma lake mwaka 1893 kuliko kukamatwa mzima. Tunampa barabara, tunampa shule, vizuri. Lakini Isike hakuwa peke yake ndani ya boma lile. Wenzake walikuwa akina nani? Huko tumeshachelewa, nakubali. Kwa Kagera hatujachelewa. Aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1978 bado anaweza kukaa hapa mbele na kunikosoa, kama mzee huyu anavyotikisa kichwa tangu nilipotaja daraja.

Kwa hiyo kazi iko hivi. Pale mlangoni, kwa mwalimu aliyevaa kitenge cha bluu, yapo madaftari, moja kwa kila kata. Andika jina la mtu wako kamili, siyo "babu", siyo "Mzee Kagera". Andika kijiji, andika alikwenda vita gani, alirudi au hakurudi, na nani mwingine anajua habari zake. Wanafunzi wa kidato cha tatu watakaa na wazee wasioona vizuri wawaandikie, na wewe wa shati jeupe utaanza na huyu babu uliyemwamkia. Mwenye picha au medali asituachie. Tutaipiga picha kwa simu, ataondoka nayo mkononi. Chakula kiko tayari nyuma ya darasa, wazee wanahudumiwa kwanza wakiwa wamekaa. Baba mdogo amenipa majina ya kikosi chake, nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari la Urambo. Yule wa Sikonge, baba mdogo anamkumbuka kwa jina moja tu, la pili limempotea. Kama kuna mtu wa Sikonge hapa, naomba anione kabla hajaondoka.

Ahsanteni sana.